Ndege Iliyogeuzwa Juu ya Kambi

Eufrasia alikuwa mwanikaji wa dagaa mwaloni Nkome, kando ya ziwa. Mumewe Edward, ambaye wengi walimwita Baba Wema, alikuwa fundi wa matimba, zile nguzo zinazozuia duara, yaani shimo la dhahabu, lisimfukie mchimbaji. Maduara ya Geita aliyoyategemea yalipojaa maji, alivuka mpaka pamoja na Boaz, mdogo wake Eufrasia, wakaenda kuchimba dhahabu katika msitu usiofikika kwa gari. Chakula kilifika huko, na wagonjwa walitoka, kwa kindege kilichotua kwenye uwanja wa udongo.

Kisha vita vikalipuka katika nchi ile. Ndege za serikali yake zikawa zinaangusha mabomu hata sokoni, mpaka majeshi ya nchi za mbali yakatangaza kwamba anga limefungwa: chochote kitakachoruka kitarudishwa au kitatunguliwa. Ndege zao za kivita zikaanza kuzunguka huko juu usiku na mchana. Habari hizo zilipofika Nkome, Eufrasia alitoa sadaka ya shukrani kanisani. Sasa, alijiambia, mume wangu atapata usingizi.

Mabomu yalikoma kweli. Kindege nacho kikakoma.

Haikuchukua muda timba likakatika, likamvunja Edward paja. Kila mtandao ulipokubali, Boaz alituma sauti kwa simu: mfupa umetokeza nje, dawa zimekwisha, njia ya miguu imejaa wenye bunduki. Eufrasia akaenda Geita mjini, akazunguka ofisi hii na ile. Hakufukuzwa popote. Walimpa kiti, wakampa pole, wakapiga simu huku na kule, wakamweleza kwamba kibali cha kuruka hutolewa na wakuu wa operesheni ile, na wao hawana njia ya kuwapata. Angefukuzwa, angalau angepata wa kumchukia.

Mwishowe rubani wa kile kindege akajitosa bila kibali. Boaz na wenzake wakambeba Edward kwa machela ya magunia, wakamlaza kando ya uwanja. Injini ikasikika. Edward akaomba afutwe uso, asipande ndege akiwa mchafu. Kindege kilikuwa kimeshaanza kushuka ndipo ngurumo ilipopasua anga, ndege mbili za kivita zikakiweka kati, zikamwamuru rubani ageuke, la sivyo atatunguliwa. Akageuka. Alikuja kuwaeleza mwenyewe kwa redio ya kambi, akilia.

Boaz alirudi Nkome miezi mingi baadaye, amekonda, akamsimulia dada yake yote hayo nyuma ya chanja za dagaa. Eufrasia alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ilipogeuka, alisema nini?"

"Hakusema kitu, dada. Alibaki anaangalia juu. Tukamwambia itarudi, akaitikia ndiyo. Aliingoja mpaka akakata roho."

Eufrasia alitafuta mtu wa kumlaani, hakumpata. Ndege zilizomrudisha rubani ndizo zilizoyazuia mabomu, na huko kulikuwa na kina mama ambao watoto wao walikuwa hai kwa sababu ya ndege hizo. Hakuweza hata kutamani zisingekuja. Alikaa chini kwenye mchanga, na Boaz akakaa naye, mpaka mvua ya ziwani ikaanza kuwalowesha dagaa na hakuna aliyeinuka kuwaanua.

Mama mzazi wa Edward, bibi Mageni, ambaye macho yake yalikuwa yameshapoteza nuru, alikuwa bado hajaambiwa lolote, hata habari za kuvunjika paja. Eufrasia akamsihi Boaz waseme uongo. Waliingia pamoja, wakapiga magoti mbele ya kitanda chake.

"Mayu, mama," Eufrasia alianza, "duara lilimfukia. Alikufa papo hapo."

Mageni akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkwewe.

"Afadhali," alisema. "Mwanangu huyo tangu utoto hakuweza kungoja."

Boaz akainuka akatoka nje. Eufrasia akabaki pale chini, mkono wake mikononi mwa mama mkwe, akaitikia, "Ndiyo, mayu."