Milioni Moja na Tatu

Silvio wa Ziwani alizaliwa mbishi, na ubishi mtamu kuliko wote aliufanya na bintiye Marlene, juu ya korosho. Tangu mtoto akiwa mdogo, walipoanika korosho walijaribu kuzipanga kwa safu zilizo sawa. Zikibaki, zinachomwa, na mlaji ni Marlene. Zipo hesabu zilizokataa safu za namna yoyote, zikataka mstari mmoja tu. Hesabu ya namna hiyo, Marlene alikuja kumwambia, shuleni inaitwa namba tasa.

Alipokwenda mjini kusomea ualimu, akapanga chumba Chuno, alimpigia baba yake simu na kumtajia milioni moja na tatu.

"Hii haipangiki, baba."

"Korosho zote hizo zikose safu? Huo uongo wa mjini."

"Basi tuigawe."

Wakaigawa kwa simu, kila jioni namba tasa moja: kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja. Silvio aliandika kwa mkaa ukutani mwa banda, na kila mara kilibaki kitu. Wangeishia chini ya elfu, Marlene alimweleza, kwa sababu safu zikizidi elfu, korosho za kila safu hazitafika elfu, na hizo watakuwa wameshazijaribu.

"Ya mwisho ni mia tisa tisini na saba. Hiyo tutaigawa nikija likizo, baba."

Hakuja. Homa ilimchukua ndani ya wiki, akaletwa Ziwani kuzikwa. Silvio hakulia, watu wakasema ana moyo mgumu. Walijua nini wao! Ile ya mwisho ilikuwa bado haijagawiwa, na maadamu ilikuwa bado, yeye na mwanawe walikuwa na shughuli ambayo haijaisha. Hakuwa na kingine cha kushikilia.

Sasa, kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Gaudensi, mjomba wa Marlene, ndiye aliyepaswa kumaliza viporo vya marehemu kabla ya kuanua matanga. Alirudisha vitabu vya watu, akapalilia kijishamba cha njugumawe cha marehemu. Kisha akauona ukuta wa banda, mia tisa tisini na saba ikiwa bado haina jibu. Kwa moyo mweupe kabisa alitoa simu, akabofya, akaokota mkaa.

"Shemeji, hata hili nimelimaliza," alisema. "Imebaki kumi na mbili. Mtoto alisema kweli, haipangiki."

Silvio aliutazama ukuta. "Na inayofuata?"

"Hakuna inayofuata, shemeji. Zimekwisha."

Hapo ndipo Silvio alipolia, kwa sauti, mpaka wanawake wakatoka jikoni. Gaudensi alisimama na mkaa wake asijue amekosa nini, na kwa kweli hakukosa.

Matanga yakaanuliwa, watu wakaenda zao. Jioni, saa ile ya simu, Silvio aliandika ukutani elfu moja na tisa. Haikuwa na haja, alijua. Alitaka tu kumsikia Marlene akimkemea, "Baba, huko tumeshapita." Akagawa polepole, ikabaki themanini na nne, na hakuna aliyemkemea.