Pemba Ipi?

Nilipoandika kwenye kundi kwamba msafara wetu utaishia Pemba, sikuona haja ya kuongeza neno. Mtu wa Pemba haandiki "kisiwa cha Pemba" wala "Pemba ya Zanzibar", kama asivyosema "mama yangu aliyenizaa". Pemba ni Pemba. Wenzangu wanaliita kosa, na mimi nimekataa kuliita hivyo mpaka leo.

Kundi letu ni la watu wanaorusha ndege kwenye kompyuta. Programu yenyewe ina dunia nzima ndani yake, na milima yake, na bahari, na viwanja vya ndege. Unakaa mbele ya kioo na kijiti cha kuongozea mkononi, unawasha injini kwa mpangilio wake, unaruka, unatua. Ukianguka hufi, unachekwa tu. Mwenyekiti wetu yuko Dar es Salaam, wengine wako Mombasa, Tanga na Nairobi, na mmoja yuko Maskati. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Chake Chake, mwanamke peke yangu katika kundi zima. Mume wangu akitaka kuniudhi huniita "kapteni" mbele ya wageni.

Msafara ulikuwa wa ndege za kale tu. Hakuna mitambo ya satelaiti, hakuna ndege kujiendesha yenyewe. Ramani, dira na macho, kama walivyoruka babu zetu, ingawa babu zetu hawakuruka popote. Tuanze Lamu, tupite Malindi na Mombasa, tupumzike Tanga, halafu tuvuke mkondo wa bahari. Mimi nilipewa kazi ya kupanga njia kwa sababu ndimi ninayefundisha ramani.

Wazo la kuishia Pemba lilikuwa la yule wa Maskati. Ni mtu wa Shumba, kijiji cha kaskazini mwa kisiwa chetu. Kaondoka nyumbani kijana, na mdogo wake aliyemwacha anatambaa sasa ana ndevu. Karatasi zake huko hazijakaa sawa: akitoka hatorudi kazini, na nyumba nzima Shumba inakula kwa kazi hiyo. Kwenye kundi alikuwa hasemi sana. Siku moja alinipigia mwenyewe.

"Bi Mwalimu," alisema, "miye sitaki kombe wala cheti. N'nataka nipite juu ya Shumba, nende nikatue Chake, basi. Lakini nisende peke yangu. Peke yangu nshajaribu, nikaona vibaya."

Nikamuuliza aliona vibaya vipi.

"Unafika kwenu hakuna hata wa kukwambia karibu."

Nikamwambia tutakuja wote. Nilisema hivyo kabla sijamuuliza mtu.

Wiki moja kabla ya msafara niliwataka wote wakajaribu kutua Pemba, kila mtu kwa wakati wake, wauzoee uwanja. Majibu yakaanza kuja, sifa tupu. Wa Nairobi alisema uwanja wetu mpana, raha. Wa Tanga alisema hakujua kwamba tuna ghuba kubwa namna ile. Nikajiona mkubwa kidogo, nikashukuru kwa niaba ya kisiwa. Halafu mmoja akaweka picha. Ndege yake imesimama uwanjani, nyuma yake ghuba pana ya buluu, na mji uliotandaa kwenye ncha ya nchi kavu ambao sijawahi kuuona maishani mwangu.

Walikuwa Msumbiji. Kule nako kuna mji unaitwa Pemba, una uwanja wake wa ndege, na ukiandika jina hilo kwenye programu unaanza kuja uwanja wao. Nusu ya kundi walikuwa wametua nchi nyingine na kunisifia kwetu.

Walicheka, na mimi ningecheka, kama Mwenyekiti asingeongeza lake. Alisema kwa upole, yeye husema kila kitu kwa upole: "Unaona, Mwalimu, hata kompyuta haianzi na nyinyi. Jina lenyewe linachanganya watu. Kwa nini tusimalizie Unguja? Uwanja mkubwa, majengo yamechorwa vizuri, video itapendeza. Kule Pemba kuna nini cha kuonyesha?"

Sipendi neno "kule". Nimelisikia tangu nasoma chuo: kule Pemba, kule shamba, huko kwenu. Mtu anakuja Zanzibar, anazunguka Mji Mkongwe, anapiga picha za milango, anarudi kwao anasema ameiona Zanzibar nzima. Sasa hata kwenye ndege za uongo turukwe? Nilikasirika mpaka chai ikanipoa mkononi.

Nikamjibu kwamba kuna vilima, kuna mikarafuu, kuna mikoko inayoingia mpaka ndani ya nchi, na kuna watu. Akasema kwenye programu hivyo havionekani, ni kijani tu na kibarabara cha kutua ndege. Akasema pia kwamba ni kifupi, ndege nzito kama Dakota itaishia vichakani. Hilo la mwisho niliona nilimalize kwa vitendo. Mchana wa Jumamosi, nguo zikiwa bado kwenye beseni, niliichukua Dakota nikaitua Chake. Nikaruka tena, nikaitua kwa upande wa pili. Mara ya kwanza iliruka kama mbuzi, lakini ilisimama, na mbele yake uwanja ulibaki. Nikaweka picha kwenye kundi bila maneno.

Kura ikapigwa hata hivyo. Unguja ikashinda kwa mbali. Wa Maskati aliandika tu "sawa, wakubwa", na hilo "sawa" lake ndilo lililonitia wazimu. Mtu ameomba kitu kimoja katika miaka yote, tena cha hewani, kisichomgharimu mtu chochote, kanyimwa kwa sababu ya video.

Mume wangu aliniona nazunguka jikoni nikigonga sufuria. Akaniuliza, "Kapteni, kumeanguka ndege?"

"Haijaanguka. Na haitotua Unguja."

"Basi itue hapa, lakini n'nataka kula kwanza."

Nikamuandikia Mwenyekiti kwa adabu, maana nimelelewa. Nikamwambia ninaheshimu kura, na wao waende Unguja kwa amani. Mimi nikishatoka Tanga nitaelekea mashariki. Nikamwambia kwamba jina la Pemba sitolibadilisha kwenye ramani yangu wala sitoliongezea kitu. Anayetaka kuja atafute kiwanja, asipokipata ajue ametafuta vibaya. Alinijibu kwamba huo ni uasi. Nikamwambia ni jiografia.

Siku ya msafara umeme haukukatika, jambo lililonifanya nione kama Mungu yuko upande wetu. Niliswali alasiri mapema, nikavaa visikizi juu ya mtandio, nikafunga dirisha kwa sababu ya kelele za nje. Njia ilikuwa nzuri. Sote tulikuwa tunasikilizana kwa sauti, tunataniana, tunakosoana dira. Wa Mombasa alipotea kwao mwenyewe, tukamwelekeza. Tulipotoka Tanga nikaona ndege zao zote zinapinda kusini, moja baada ya nyingine, na mimi nikabaki nimenyoosha pua kwenye maji matupu.

Nikatazama nyuma. Ndege moja ndogo ya mabawa mawili juu na chini, ya rangi ya njano, ilikuwa inanifuata.

"Bi Mwalimu, nipo," alisema wa Maskati.

"Nimekuona. Nifuate."

Mwenyekiti akatuita mara kadhaa. Nikamjibu kwamba tunamsikia vizuri, na kwamba hatugeuki.

Kisiwa kilitokea chini ya wingu. Tukapanda kaskazini mpaka juu ya kijiji cha Tumbe, tukashuka chini, tukaifuata barabara kwenda Shumba. Ukweli ni kwamba Mwenyekiti hakudanganya. Nyumba zilizokuwepo zilichorwa na kompyuta kwa kubahatisha, mapaa mekundu kama ya Ulaya, na mahali pa msikiti pametiwa miti. Nilimwonea huruma yule wa Maskati, nikaanza kumuomba radhi.

"Nyamaza, dada," alisema. "Barabara ile pale inapopinda. Ndiyo yenyewe."

Akazunguka mara ya pili, na ya tatu. Sikumharakisha. Kisha tukaja Chake, nikamwacha atangulie, akatua vizuri kuliko mimi. Nikatua nyuma yake, tukazima injini. Ndege zetu mbili zilikuwa zimesimama kwenye uwanja usio na mtu wala mbwa. Nikasema, "Karibu. Karibu sana nyumbani."

Akasema, "Dada, weye si upo hapo kweli?"

"Nipo hapa kweli. Nyumbani kwangu, Chake."

"Basi nifungulie dirisha."

Nilielewa, nikasimama, nikalifungua lote, na maiki nikaisogeza mpaka kwenye nondo. Nje kulikuwa na mambo ya siku zote. Watoto wametoka chuoni kusoma Kurani, wanagombana. Mchuuzi wa samaki anapiga honi ya baiskeli yake, na jirani yangu, mama mtu mzima ambaye hajawahi kununua kitu bila ugomvi, kamsimamisha mlangoni.

"Wa leo hawa?"

"Wa leo, Bi. Wa Tumbe hawa, n'natoka nao hivi sasa."

"Mbona jicho limelala?"

"Jicho li macho hilo, Bi. Wewe ndo mwenye usingizi."

"Nipishe hapa, mtoto huna adabu."

Kundi zima lilikuwa linasikia, maana sote tulikuwa kwenye sauti moja. Wao walikuwa wameshatua Unguja na wamepanga ndege zao mstari kwa ajili ya video. Mwenyekiti akauliza ni nani mwenye kelele hizo, azime maiki yake. Sikuzima. Akakohoa, akaanza kutangaza kwa sauti yake ya sherehe kwamba msafara umekamilika salama, ila kwa masikitiko ndege mbili hazikufika.

Nilishafungua mdomo kumjibu. Maneno nilikuwa nayo, ya kutosha. Lakini yule wa Maskati, asiyewahi kumbishia mtu, aliniwahi.

"Mwenyekiti," alisema, "siye tushafika. Punguza sauti, tafadhali, miye nasikiliza huyu bibi kama atamnunua samaki."