Bibi wa Barakoa Aliyenitembeza Doha

Wanaonijua wanajua sipendi porojo. Mjukuu akianza kunihadithia ndoto yake asubuhi, namwambia akaoshe vyombo kwanza. Kwa hiyo haya msiyachanganye na hadithi za kulazia watoto. Yamenipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na tasbihi mkononi. Asiyetaka kuamini asiamini, lakini asinikatize.

Nilikwenda Doha kumtafuta mdogo wangu, Mwajuma. Alikwenda huko kufanya kazi za ndani, akawa anapiga simu kila Ijumaa. Halafu kimya. Mwezi, mwaka, mwaka mwingine. Kwetu Pangani wanaume wa ukoo wakakaa, wakaamua tumsomee hitima, ahesabiwe marehemu, na watoto wake waitwe mayatima. Nikawaambia mtu hasomewi hitima kwa sababu simu yake haiiti. Wakanijibu, "Haya, dada mkubwa, nenda kamtazame mwenyewe. Ukirudi mikono mitupu, tunasoma." Nikaenda. Mlidhani ningefanyaje?

Binti yangu Saumu anafanya kazi hotelini kule, anaishi Al Sadd. Alikuwa keshamtafuta mama yake mdogo mpaka amechoka. Nyumba aliyofanyia kazi Mwajuma ilikuwa imebomolewa, na mtaa wake wote, maana miaka ile walikuwa wakichimba njia ya treni ya chini ya ardhi, mji ukawa mashimo na winchi kila upande. Wale matajiri wake walihamia wapi? Hakuna aliyejua. Na viza yangu ilikuwa inakaribia kwisha.

Saumu akaniambia, "Mama, nimekupatia mwenyeji wa kukutembeza. Mwanamke, na Kiswahili anakijua. Mzunguke naye mjini, muulizeulize watu. Mimi leo siwezi kukosa kazi. Atakungoja chini mlangoni, amevaa baibui jeusi."

Baibui jeusi, tena Doha! Hebu niambieni, si ni sawa na kutumwa shuleni ukamtambue mtoto kwa sare?

Nikashuka. Ilikuwa kiangazi, jua la utosi, saa ambayo kwetu mtoto hatolewi nje, na kule hata paka hatoki. Barabara tupu. Mlangoni alisimama mwanamke mmoja tu, wa baibui jeusi, amevaa barakoa. Siyo hizi za hospitali. Ile ya mabibi wa zamani, ya kufunika paji na pua, inayong'aa kama dhahabu.

"Asalaam aleikum, dada. Ndiwe weye unayetafuta mtu?"

Kiswahili safi, cha Unguja. Sikushtuka. Waarabu wangapi wana bibi aliyezaliwa Unguja? Nikaitikia salamu.

"Gari liko wapi?" nikamuuliza.

"Gari la nini? Miguu si unayo?"

"Miguu ninayo, magoti ndiyo si yangu tena."

Akacheka. "Twende, mwana wa watu. Ukichoka nitakubeba."

Niaminini, sikuchoka. Wala jasho halikunitoka. Upande aliokuwa yeye palikuwa na ubaridi, kama umekaa karibu na mtungi wa maji. Nikadhani ni upepo wa bahari, kwa sababu tulipinda kona moja tu na bahari hiyo hapo mbele yetu.

"Hapa maji yakifika zamani," akasema, akionyesha katikati ya barabara ya magari. "Hii yote wameimwagia mchanga. Na kule wamejitengenezea kisiwa kizima wakakiita Lulu. Lulu zenyewe hawazizamii tena, wamebaki na jina."

"Wewe uliyaona hayo maji?"

"Niliyaona. Na wazamiaji niliwaona, wakirudi masikio yanatoka damu. Wake zao wakija kisimani kulia, nami nikiwasikiliza."

Nikajisemea moyoni, huyu muongo. Kwa umri upi? Lakini watembeza wageni wote hutia chumvi, ndiyo kazi yao. Nikazidi kumfuata.

Tukapinda tena, tukatokea kwenye shimo kubwa la treni lililozungushiwa mabati. Hapo akasimama.

"Kwangu hapo," akasema.

"Wamekubomolea? Pole."

"Wamechimba mpaka chumbani. Sasa nnalala kwa watu, leo huku, kesho kule, mimi na mwanangu." Akaniangalia. "Mwajuma alikuwa jirani yangu."

Nikamsogelea. "Unamjua Mwajuma? Yu hai?"

"Usisimame juani, dada. Twende."

Kona nyingine, na tukawa kwenye mtaa wa nyumba za kuta ndefu. Akasema panaitwa Abu Hamour. Akanionyesha geti moja la buluu. "Piga hodi hapo. Matajiri wake walihamia huku. Namshukuru sana mdogo wako, alinilindia mwanangu."

"Alikuwa yaya wake?"

"La. Nyuma ya jiko lao la zamani palikuwa na karo, pa kumwagia maji machafu. Jioni wafanyakazi wakija kumwaga maji ya moto, yanachemka. Wengine wakimwaga tu. Mwanangu mkubwa aliungua hivyo, hakupona. Mwajuma yeye husimama kwanza. Husema, 'Bismillahi, jamani pisheni, maji ya moto.' Halafu hungoja kidogo. Tukishapisha, ndipo amwage."

Maneno hayo ni ya marehemu mama yetu. Alitufundisha sote tukiwa wadogo, kwamba usiowaona nao wana watoto. Hapo ndipo nilipojua nimetembea na nani. Sasa ningefanya nini? Kukimbia, kwa magoti haya?

Nikasema kile ambacho Mswahili yeyote humwambia aliyemtendea wema. "Ahsante, dada. Karibu kwetu Pangani. Kwetu ni kwako."

Akanitazama kupitia matundu ya barakoa. "Wasema kweli, au ni maneno ya mdomoni?"

Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Kweli."

"Haya, piga hodi."

Nikageuka, nikapiga hodi kwa sauti yote. Ndani mtu akaitika, "Karibu! Nani huyo anapiga hodi ya kwetu?" Geti likafunguliwa, na Mwajuma huyo, mikono imejaa unga. Mimi silii ovyo, lakini tulishikana pale chini tukalia mpaka unga ukawa donge kwenye mtandio wangu.

Nilipogeuka kumwonyesha mwenyeji wangu, barabara ilikuwa tupu kwa urefu wake wote.

Simu ikalia. Saumu. "Mama, uko wapi? Mwenyeji wako yuko pale mlangoni anakungoja tangu saa ile, amenipigia anasema hujashuka!"

"Niko Abu Hamour na mama yako mdogo, nimekuja kwa miguu."

"Abu Hamour? Kwa miguu?" Na nilipomweleza habari ya bahari ndiyo akachoka kabisa, maana bahari iko upande mwingine.

Kumbe katika vurugu za kuhama Mwajuma alipoteza simu na namba zote, na sisi nyumbani tulikuwa tumebadilisha yetu. Matajiri wake hawakuwa na ubaya naye. Alidhani ni sisi tuliomtupa. Nilipomsimulia yule wa barakoa, akasema, "Wenzangu walikuwa wananicheka, dada. Waliniita kichaa anayeongea na karo."

Tulirudi naye nyumbani. Mchele ulionunuliwa kwa hitima tukaupikia maulidi, na waliotaka kumzika ndio walioongoza kwa kula.

Lakini tangu mwaka ule, likifika jua la utosi, kwenye chumba changu cha nyuma huingia ubaridi. Hunukia udi na hakuna aliyechoma. Mara nyingine mtoto hucheka humo, nami nikihesabu wajukuu, wote wako barazani. Shehe wetu alitaka kuja kuwatoa. Nikamwambia, nimewakaribisha mwenyewe, na mimi sifukuzi wageni. Hawajatudhuru. Watoto wa Mwajuma hulala vizuri humo kuliko chumba chochote.

Wewe unayesoma, tangulia kusema kabla hujamwaga maji ya moto, mdomo haukodishwi. Na neno karibu usilitupe njiani kama ganda la chungwa. Yupo asiye na pa kulala, analisikia, na atakuja. Ukishalisema, tandika mkeka.