Siku Mwalimu Wangu Alipovaa Glovu

Nilianza karate nikiwa kidato cha pili, katika ukumbi wa kanisa pale Kyela mjini. Mwalimu wetu mchana alikuwa fundi umeme. Jioni alifika na baiskeli, nywele zina vumbi la dari za watu, akaingia chumba cha kwaya kubadilisha nguo. Akitoka amevaa nyeupe na mkanda wake mweusi uliochakaa hadi nyuzi za ndani zinaonekana, alikuwa mtu mwingine kabisa. Ilivyo mvua ya kwetu, ikishapiga bati humsikii hata aliye kando yako. Yeye aliinua mkono tu, ukumbi mzima ukatulia.

Nilipomaliza shule nilikuwa na mkanda wa kahawia, na katika ukumbi ule hakukuwa na msichana aliyeniweza, na wavulana walionishinda walikuwa wachache. Kwenye simu nilikuwa naangalia wanawake wa nchi hii hii wakipanda ulingoni, wakipigana, wakilipwa. Wapo waliotumia mikono tu, wapo waliorusha na mateke, wapo waliokamatana na kuangushana. Nilitaka yote. Jioni moja, wenzangu walipoondoka, nikamwambia Mwalimu kwamba nataka kupigana iwe ndiyo kazi yangu.

Hakucheka. Akakaa chini akaanza kukunja mkanda wake.

"Unataka kupigana upate kula?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi tusidanganyane. Judo naipenda, lakini huku kwetu sijamwona aliyejenga nyumba kwa judo. Mateke na ngumi, miguu unayo, ila utapigana na nani? Kila mpambano utaufuata mbali. Karate nitakufundisha mpaka niishiwe, lakini utarudi nyumbani na medali na njaa." Akamaliza kukunja mkanda. "Ngumi za kulipwa ndizo zenye watu. Sijui kama utazipenda. Twende Kasumulu ukaone."

Nilijisikia vibaya. Moyoni niliziona ngumi kama karate iliyokatwa miguu. Sikumwambia.

Jumamosi tukaenda. Klabu yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mpunga, nyuma ya maegesho ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Ulingo ulikuwa kamba zilizofungwa kwenye nguzo nne, chini saruji na turubai. Kocha alikuwa mwanamke mnene kidogo, aliyewahi kupigana mwenyewe ujanani. Mwalimu alipofika mlangoni akavua viatu, akainama kwa heshima kama anavyoinama ukumbini kwetu. Vijana waliokuwa wakiruka kamba wakaangua kicheko.

Kocha akawageukia. "Mnacheka nini? Lini mmoja wenu aliingia humu kwa adabu?" Kisha akavua kandambili zake yeye mwenyewe, akaja kutupokea peku. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimemleta mwanafunzi wangu achague. Lakini naomba nianze mimi kupigana, yeye aangalie."

"Wewe? Na umri huo?"

"Umri wangu unanitosha."

Kocha akamtazama miguu, akatazama mabega, akamwita kijana mmoja mwembamba aliyekuwa mpakizi wa mizigo pale mpakani. Akamwambia amheshimu mzee.

"Aniheshimu kengele ya mwisho ikishalia," Mwalimu akasema, akanyoosha mikono avalishwe glovu.

Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, ikagongwa kwa spana. Mwalimu akasimama vile nilivyomjua, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Kijana akamzunguka. Halafu Mwalimu akapiga. Pigo moja tu, limenyooka, likatua kidevuni kwa kijana, safi kabisa, na mle ndani wote tukasikia. Mwalimu akarudi nyuma, akatulia, kama mtu anayengoja mwamuzi ainue bendera.

Hakuna aliyeinua kitu. Kijana akaingia na makonde matatu mfululizo, damu ikamtoka Mwalimu puani.

Nilitaka kupiga kelele wasimamishe. Mwalimu akajifuta kwa mkono wa glovu, akaendelea. Akampata tena kijana, safari hii mbavuni, na tena akatulia, na tena akalipwa papo hapo. Alijua kosa lake, niliona usoni kwamba amejua, lakini mwili uliofunzwa miaka mingi haukumsikiliza. Hata hivyo hakurudi kwenye kamba hata mara moja. Rimu ilipogongwa, akainama kwa kijana, na kijana, ambaye nadhani hakuwahi kuinamiwa na mtu mzima maishani mwake, akainama naye, chini kabisa.

Akaja nilipokaa, kitambaa puani.

"Umeona nilipokosea?"

"Ukishapiga unasimama."

"Na wewe nimekufundisha hivyo hivyo. Nilitaka ulione kosa hili kwangu kabla halijakuumiza." Akaketi, anahema. "Sasa niambie kweli. Ulipokuwa unaangalia, kuna kitu kilikuvutia?"

Nikaona haya kujibu, maana damu yake ilikuwa bado inatoka. "Kwamba pigo likitua hakuna anayesimamisha."

Akacheka mpaka kitambaa kikaanguka. "Basi vaa."

Nilivaa glovu zile zile, ndani zina jasho lake. Nikapigana na msichana aliyevuka mto Songwe kila wiki kutoka upande wa Malawi kuja kufanya mazoezi. Alinipiga vizuri sana. Rimu ilipogongwa nikamwomba Kocha raundi nyingine, na nilipokuwa naomba nikajua tayari nimeshachagua.

Nyumbani Ipyana, Mama aliliona jicho langu lililovimba akataka kujua nani amelifanya hivyo. Mwalimu alikuja mwenyewe kesho yake baada ya ibada, pua imevimba. Mama ni wa watu wa ziwani, wafinyanzi, hapendi maneno ya kuzunguka.

"Mugonile, mama," Mwalimu akasalimu kwa kilugha cha kwetu.

Mama akaitikia, kisha akauliza, "Yaani binti ni mwanafunzi wako, halafu unamtoa mwenyewe unampeleka kwa mwingine?"

"Kilichopo kwangu amekimaliza. Nikimng'ang'ania nitakuwa namzuia."

Mama akaenda jikoni, akarudi na wali na samaki. "Ndaga," akamshukuru akimnawisha. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu.

Nimeshakutana na makocha wengi tangu hapo. Wengi wanajua ngumi kuliko yeye. Sijaona mwingine aliyekubali kupigwa mbele ya mwanafunzi wake bora ili mwanafunzi ajue njia ya kuondokea.

Mpambano wangu wa kwanza wa kulipwa ulikuwa Mbeya, raundi nne. Kocha alikuwa kona yangu, na Mwalimu alishika ndoo na taulo kama msaidizi wa kawaida. Raundi ya pili nilipiga nikatulia, nikalipwa kama alivyolipwa yeye. Baada ya hapo sikutulia tena. Nilishinda kwa pointi, kwa tofauti ndogo.

Mama alipiga simu tukiwa bado nje ya ukumbi.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, Mama."

"Na huyo mwenzio, amekula?"

Nikamgeukia mpinzani wangu. Tulikuwa tumekaa naye kwenye benchi moja, nyuso zimevimba, sahani ya ndizi za kuchoma iko katikati yetu, na Mwalimu anammenyea yai.

"Anakula," nikamwambia Mama.