Zisis wa Chokaa na Daraja Lake

Mwalimu ameniletea daftari na kusema, "Bibi Haido, tuandikie habari za kaka yako." Kana kwamba maharage yatajichambua yenyewe. Shule nilikaa miaka miwili, na mwaka wa pili paa lilianguka. Makosa ya herufi yaacheni yalivyo.

Babu yetu aliitwa Zisis Dovas. Alizaa wana wanne, na kila mmoja akampa kifungua mimba wake jina la babu, kama ipasavyo. Kijiji kikapata akina Zisis Dovas wanne kwa mpigo. Tuna kinu cha Zisis, chemchemi ya Zisis na kanisa dogo la Zisis, na ukiuliza ni Zisis yupi utapata majibu manne na ugomvi mmoja.

Zisis wa Baruti alikuwa kapteni. Wakati wa vita alililipua daraja la mtoni ili malori ya Wajerumani yasipite. Hayakupita. Sisi nasi hatukupita, miaka sita. Zisis wa Chokaa, kaka yangu, alikuwa mwashi. Yeye ndiye aliyelijenga upya, tao moja, mawe yakiletwa na nyumbu. Siku ya kuweka jiwe la katikati, likamponda vidole viwili vya mkono wa kulia, vikakatika. Aliufunga kitambaa akaendelea, maana chokaa ilikuwa imeshakorogwa.

Baadaye alioa, akajenga dohani za nusu ya wilaya, wala habari za daraja hakuzitaja. Alidhani zinajulikana.

Alipofika miaka themanini na mitatu, karani wa baraza alikuja na bamba la marumaru, akalifunga darajani: "Daraja la Kapteni Zisis Dovas." Kaka alilisoma mara tatu, taratibu. Vile vidole viwili visivyokuwapo vikaanza kumwasha.

"Mwanangu, hili daraja la nani?"

"La Zisis, mzee."

"Zisis ni mimi."

"Mzee wangu, hapa kila mtu Zisis. Hata punda aliyetubebea hili bamba anaitwa Zisis."

"Yule tulimpa jina la binamu yangu, kapteni."

Karani akakohoa. "Karatasi zinasema ni la kapteni."

"Kapteni alilivunja."

"Kishujaa, mzee."

"Sikatai, alilivunja vizuri sana. Mawe mengine niliyaokota kwenye shamba la kabichi, ng'ambo ya kilima. Lakini mtu haandikiwi daraja alilolivunja."

"Una ushahidi?"

Kaka alikunja suruali akaingia mtoni. Ilikuwa Machi, maji ya theluji. Karani akamfuata na viatu vyake vya mjini, kwa kuwa wanawake wote tulikuwa juu tunamtazama, mimi wa kwanza. Waashi wa kwetu wa zamani kuandika hawakujua. Kazi ikiisha, mkuu wao hubandika mkono kwenye chokaa mbichi. Pale chini ya tao palikuwa na alama: dole gumba na vidole viwili. Kaka akaweka mkono wake. Ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

"Kapteni alikuwa na vidole vingapi?" karani akauliza, meno yakigongana.

"Kumi. Alizikwa navyo vyote."

Karani akafikiri. Bamba jipya haliwezekani, akasema, hili lenyewe limechukua miaka miwili ya barua. "Ila jina ni lilelile, mzee. Lililozidi ni neno moja tu."

Kaka akatoa patasi na nyundo mfukoni mwa koti. Alikuwa nazo tangu asubuhi. Akalichonga lile "Kapteni" likatoka lote, akapasugua, akapuliza vumbi, akaenda kula.

Vuli hiyo hiyo akafa. Sasa wajukuu wa kapteni, ambao pia ni akina Zisis, huwaambia wageni kwamba bamba ni la babu yao, neno moja tu limeliwa na mvua.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, siku ukipita kwetu vua viatu, shuka mtoni, weka mkono pale chini ya tao. Kisha panda juu useme kwa sauti, hao wajukuu wakisikia: "La Chokaa!" Mimi nipo dirishani. Na usiseme kwa kunong'ona, masikio yangu si yale ya zamani.