Siku Nondo Zilipomwagika Loresho

Juzi jirani yangu aliletewa vyuma vya kujengea. Wapakuzi walipoviachia kutoka kwenye lori vikalia vile vinavyolia, mlio mkali unaoingia masikioni na kushukia kwenye mifupa, nilijikuta nimeushika mlango kwa mikono miwili. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Ninyi sitawaficha.

Baba yangu, Wekesa, alikuwa dereva wa lori miaka ya sabini ilipokuwa inaanza. Lori lenyewe halikuwa na kuta. Nyuma lilikuwa sakafu tupu, la kubebea vitu virefu visivyoenea kwingine. Alichukua nondo, mabomba na mabati kwenye maduka ya River Road na kuyapeleka upande wa magharibi, ambako wenye uwezo walikuwa wanajenga. Jioni alinawa kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, na huku akinawa alipenda kusema, "Nairobi inakula chuma, na mimi ndio mpishi." Nilimwamini kabisa. Nilikuwa nikipita mjini chini ya majengo marefu nikijiona kama mtoto wa mwenye mji.

Wenzake walimwita Ndege kwa sababu ya mwendo wake. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa nalo. Hata Mama alipotaka kitenge kipya alianza na "Ndege wangu", na kitenge kilipatikana.

Tuliishi Ngara, chumba kimoja katika ua wenye vyumba vinane na bomba moja la maji. Mlango wa pili aliishi Mutua, mtu wa Machakos, taniboi wa Baba. Yeye ndiye aliyepanga mzigo na kuufunga, na ndiye aliyesimama nyuma akipiga kelele "kuja, kuja, kuja" lori liliporudi kinyumenyume. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mwanya uliompa mluzi mtamu ajabu. Nyimbo za kanisani alizipiga zote kwa mluzi, hadi mchungaji akamwomba, kwa heshima, ajaribu kuimba kama watu wengine. Binti yake Kanini alikuwa rika langu. Tulikalia dawati moja, tukatumia kitana kimoja na, msinicheke, tukafuga chawa walewale.

Likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Mama alikwenda Bungoma kumuuguza nyanya. Kanini naye alikuwa kwao Machakos. Baba hakutaka nishinde peke yangu, basi akawa ananipandisha mbele kwenye lori. Kulinukia dizeli, tumbaku na jasho la kiti kilichopasuka. Siku tatu nilikuwa malkia, nikiwapungia mkono watoto waliokuwa wakitembea kwa miguu. Siku ya nne ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Asubuhi hiyo tulipakia nondo za nyumba moja ya Loresho. Mafundi walikuwa wanazingoja ili waendelee na kazi. Mzigo ulikuwa mkubwa, na mmoja wa minyororo miwili ya kufungia ulikuwa umekatika juzi yake, haujarudi kutoka kwa fundi wa kuchomelea. Badala yake walifunga kamba ya katani. Mutua aliivuta, akaivuta tena, halafu akaja dirishani kwa Baba.

"Wekesa, hii mzigo twende nayo mara mbili. Hii kamba haiwezi shika yote."

"Mara mbili tutafika saa ngapi? Watu wanangoja."

"Wangoje. Ama sisi tungoje mnyororo urudi."

Baba alicheka, na akapaza sauti ili wapakiaji wasikie. "Mutua, siku hizi umekuwa mwoga kama mama mzee! Panda juu ukalie. Wewe ndio mnyororo."

Wapakiaji wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mutua aliitazama ile kamba mara moja zaidi, akatikisa kichwa, akapanda.

Tulipita Westlands, mji ukabaki nyuma. Hewa ikawa baridi, ikinukia majani yaliyokatwa. Huko Loresho barabara hushuka hadi kwenye kijito, kisha hupanda mlima wa ghafla. Baba alibadilisha gia, lori likaguna likaanza kupanda. Mluzi wa Mutua ulikuwa unatujia kutoka nyuma. Halafu nikasikia kitu kikikatika, kidogo tu, kama kijiti. Mluzi ukakoma. Lori likaruka mbele kama punda aliyetuliwa mzigo, na nyuma yetu nondo zikaanza kumwagika barabarani. Zilimwagika kwa muda mrefu.

"Kaa hapo," Baba akasema. "Usiangalie."

Niliangalia. Mutua alikuwa amelala chali kwenye lami, na kuanzia mapajani kwenda chini hakuonekana, kulikuwa na chuma tu. Hakupiga kelele. Alikuwa anaomba maji kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua. Watunza bustani wakaja mbio kutoka kwenye mageti, mmoja na ndoo, wakaanza kuondoa nondo moja baada ya nyingine. Baba aliziondoa pamoja nao hadi viganja vyake vikatoka damu. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu alikuwa baba yangu.

Gari lilipatikana la kumpeleka Mutua hospitali. Tukiwangoja polisi, Baba alikuja akafungua mlango wa upande wangu.

"Nekesa, nisikilize. Wakikuuliza, Mutua alifunga mzigo mwenyewe, akasema iko sawa. Akapanda juu kwa kupenda kwake. Umesikia?"

"Lakini Baba, wewe ulisema..."

"Nilisema nini?"

Kama angenikaripia, labda ningekumbuka hilo kwa urahisi zaidi. Alikuwa ananiomba. "Wakichukua leseni yangu tumekwisha. Mimi, mama yako, shule yako. Nilisema nini, Nekesa?"

"Hukusema kitu," nikajibu.

Askari aliyekuja alikuwa mtu mzima, mwenye daftari lililokunjika. Alichuchumaa ili tulingane. "Mtoto, yule mtu nani alimwambia apande juu ya mzigo?"

"Alipanda mwenyewe."

"Na kamba?"

"Alifunga yeye. Alisema iko sawa."

Akaandika. Kisha akamgeukia mwenzake akasema, "Mtoto hadanganyi." Nakumbuka, na naona aibu kukumbuka, kwamba nilijivunia sifa ile.

Mutua alikatwa mguu mmoja juu ya goti. Alieleza yaliyotokea, lakini upande mmoja lilikuwa neno lake na upande wa pili neno la dereva na mtoto asiyedanganya. Wale wapakiaji hawakuulizwa, na wasipoulizwa watu wa kazi ya kibarua hawasemi. Ikaandikwa kwamba aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, na tajiri wa lori akamtakia afya njema, fidia hakumpa. Mama aliporudi alimtazama Baba, akanitazama mimi, akapakua chakula. Zamani alipenda kunionya kwamba njia ya mwongo ni fupi. Tangu siku hiyo sikumsikia akiitaja methali hiyo tena.

Kanini alirudi shule zilipofunguliwa. Alinikuta bombani nikikinga maji.

"Nekesa, wewe ulikuwa huko. Ni kweli baba alipanda mwenyewe?"

Pale hapakuwa na polisi, wala Baba hakuwepo. Ndoo ilikuwa inafurika, nami sikufunga bomba. "Ndiyo," nikasema.

Baada ya miezi michache walihama kurudi Machakos. Siku ya kuondoka Mutua alikuwa amekaa kwenye sanduku lao, magongo mapajani. Aliniita. Nilikwenda nikijua sasa ataniuliza, mbele ya ua mzima.

"Nekesa, uko darasa la ngapi sasa?"

"La tano."

"Soma sana, mama. Usikubali kuacha."

Basi. Nilikimbia chumbani nikiwa na furaha, nikafikiri amesahau.

Baba aliendesha lori miaka mingine mingi. Hakunipandisha tena mbele. Tukibaki wawili chumbani, alikumbuka jambo la kufanya nje. Nilidhani amenichukia kwa kusitasita siku ile, kwa ile "lakini Baba" yangu, nikajitahidi kuwa mtoto mwema ili anisamehe. Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipoelewa kwamba alikuwa ananiogopa. Nyumbani humo mimi nilikuwa mtu wa pekee aliyesikia. Tulimzika kabla hatujalizungumza hata mara moja.

Baada ya mazishi nilisafiri hadi Machakos, nikaulizia mpaka nikafika. Mutua alikuwa amefariki. Kanini alinipokea, akanipa kiti, akanipa chai. Nikamweleza yote, tangu kamba hadi bombani.

"Alituambia," akasema. "Kila tulipokutukana alitukataza. Alisema hawezi kumwambia mtoto achague kati yake na baba yake mzazi."

Nikaanza kulia. Akangoja nimalize.

"Baba alikusamehe hata kabla hatujahama Ngara," akasema. "Lakini mimi si baba. Mimi nilikuuliza tukiwa wawili tu, Nekesa, na mimi pia nilikuwa mtoto. Niliacha shule mwaka uleule."

Hakuniambia kwaheri kwa ubaya. Alinisindikiza hadi barabarani kama mila inavyotaka. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejifariji kwamba nilidanganya kwa sababu mtu mzima aliniagiza. Uongo wa Loresho Baba aliniwekea mdomoni. Ule wa bombani niliutoa mwenyewe.