Mgeni wa Bafuni

Mzee huyu ni mtu wa maneno ya kuhesabu, ila bafuni ulimi humfunguka. Kila asubuhi mkwe wake, mke wa mwanawe, humsikia akifungua koki ya shawa. Mzee hukunja mkono wa shati, hukinga vidole kwenye maji baridi na kuyabembeleza: "Pita, mgeni, usione haya." Maji ya moto ya nyumba hiyo yana mwendo wa kobe. Yakifika, mzee hugonga ukuta wa chumbani: "Mama watoto, amka, mgeni kaingia!" Mkewe huoga kwanza, yeye huoga yatakayobaki, hata yakiwa barafu.

Koki ilipokufa, mkwe alimpeleka dukani. Mzee alizungusha koki moja moja, macho kayafumba, kama anayeonja chumvi. Muuzaji akamsogezea inayong'aa. "Hii unafungua, unaenda zako. Maji yakipata moto, inajifunga yenyewe mpaka muogaji aje. Hakuna kusubiri tena, mzee wangu."

Mkwe alikwisha kufungua pochi. Mzee akaikingia koki vidole, ingawa haikuwa na tone.

"Sasa mimi," akauliza taratibu, "mke wangu nitamwamsha kwa lipi?"

Mkwe akaifunga pochi. "Tuonyeshe ile ya kawaida," akasema.